Redio ya kiwandani kwenye gari la Japani: jinsi ya kuibadilisha bila kukata soketi ya gari

Wakuu, salaam.

Nimeona niweke uzi huu kwa ajili ya wenye magari yaliyotoka Japani wanaofikiria kubadilisha redio, kwa sababu swali linaloulizwa kila mara ni "ninunue redio gani", ilhali swali linaloamua kama gari litabaki salama ni "itaungwa vipi". Msimamo wangu nautaja mapema: soketi ya gari iliyotoka kiwandani, yaani plagi ya nyaya inayochomekwa nyuma ya redio, isikatwe, iwe redio mpya ni ya bei ndogo au ya bei kubwa, na fundi ambaye hayuko tayari kufanya kazi bila kuikata asikabidhiwe gari.

Sababu kubwa ya kuiondoa redio ya kiwandani kwenye Vitz, IST, Passo, Premio au Noah si urembo, ni masafa. Japani ilijipangia FM kati ya megahezi 76 na 90, kwa kuwa eneo la 90 hadi 108 lilikuwa limeshikwa na chaneli ya 1 hadi ya 3 za televisheni ya analojia, ambayo ilizimwa katika sehemu kubwa ya nchi hiyo tarehe 24 Julai 2011. Sisi huku Tanzania na Kenya tunatumia 87.5 hadi 108. Sehemu ambayo redio ya Japani na vituo vyetu vinakutana ni megahezi mbili na nusu tu, na ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam anaweza kuona redio yake inashika vituo vichache vilivyo chini ya 90 akaamini haina upungufu wowote, kisha akasafiri mikoani akabaki na mikwaruzo.

Wengi hutafutiwa dawa kwa kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye waya wa antena, ambacho mafundi hukiita ekspanda. Kazi yake ni kushusha masafa yote kwa kiwango kimoja. Tufanye hesabu kwa vituo vya Nairobi. Ekspanda ya megahezi 18 itaileta Capital FM ya 98.4 kwenye 80.4 na Radio Citizen ya 106.7 kwenye 88.7, lakini Radio Taifa ya KBC, iliyoko 92.9, itaangukia 74.9, chini ya mahali ambapo redio inaanza kusoma. Ukichukua ekspanda ya 14, Radio Taifa utaipata kwenye 78.9, ila Citizen itabaki juu kwenye 92.7 na hutaisikia. Redio ina nafasi ya megahezi 14, masafa yetu yametandaa kwa megahezi 20.5, kwa hiyo hakuna ekspanda itakayovimeza vituo vyote. Isitoshe, kituo chenye nguvu kilicho chini ya 90 hupenya bila kushushwa na kumkalia mwenzake aliyeshushwa. Ekspanda ni nafuu ya muda, na anayeuziwa kama suluhisho la kudumu hatendewi haki.

Redio za Toyota zenye ramani, kama zile za mifululizo ya NSZT na NSCP, zina tatizo la ziada. Betri ikichomolewa au ikifa, redio hujifunga na kudai kadi ya SD ya ramani, na mara nyingi kadi hiyo ilishatolewa kabla gari halijapakiwa melini. Wapo wanaouza namba za kufungulia kwa kutumia namba ya ERC inayoonekana kwenye kioo, na wengine huifungua kweli, lakini baada ya malipo hayo unabaki na FM ileile ya 76 hadi 90, ramani ya Japani, maandishi ya Kijapani na televisheni ya mfumo ambao Tanzania na Kenya hazikuuchukua. Kwa maoni yangu fedha hiyo ingeongezwa kwenye redio mpya. Anayesikiliza muziki wa simu tu, na redio yake ina AUX au Bluetooth inayofanya kazi, huyo simshauri aguse kitu.

Kabla ya kununua, pima tundu. Redio ya kawaida ya tabaka moja ina upana wa milimita 180 na urefu wa 50. Ya tabaka mbili ina 180 kwa 100. Toyota na Daihatsu hutumia sana tundu la milimita 200 kwa 100, kwa hiyo redio ya 180 huacha pengo la milimita 10 kila upande, ambalo huzibwa na vipande vya plastiki vinavyouzwa kwa ajili hiyo. Redio za Android za inchi 9 au 10 huja na fremu ya gari mahususi, na fremu ya IST ya kwanza, iliyotengenezwa 2002 hadi 2007, haiingii kwenye IST iliyofuata. Mtaje muuzaji modeli na mwaka, na ukiweza mwonyeshe picha ya deshibodi yako.

Sasa tufike kwenye nyaya, ambako ndiko kwenye uhai wa kazi yote. Nyuma ya redio ya Toyota nyingi kuna soketi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Katika ile ya pini 10, waya wa buluu wenye mstari wa njano ndio umeme wa moja kwa moja wa betri, wa kijivu ni wa ACC (umeme unaokuja ufunguo ukizungushwa), wa kahawia ni ethi (waya hasi unaorudi kwenye bodi ya gari), na wa kijani hupata umeme pamoja na taa za deshibodi. Spika ya mbele kulia ina waya wa kijani hafifu na wa buluu, ya mbele kushoto ina wa waridi na wa zambarau. Soketi ya pini 6 imebeba spika za nyuma: nyekundu na nyeupe upande wa kulia, nyeusi na njano upande wa kushoto.

Igeuze redio mpya uangalie mkia wake, yaani fungu la nyaya zake. Njano ni betri, nyekundu ni ACC, nyeusi ni ethi. Hebu tazama jambo hili kwa makini: rangi tatu ambazo kwenye redio mpya ni za umeme, yaani njano, nyekundu na nyeusi, kwenye gari ni za spika za nyuma, zote tatu. Fundi aliyekata soketi akaunga rangi kwa rangi atapata redio isiyowaka, na hapo ndipo majaribio ya kugusisha waya huu na ule huanza, na majaribio hayo ndiyo yanayounguza redio, fyuzi na wakati mwingine nyaya zenyewe. Rangi nilizotaja zinafuatwa na Toyota nyingi, lakini kabla ya kuunga chochote pima kwa mita: waya wa betri una volti 12 na kitu hata ufunguo ukiwa mfukoni, wa ACC hupata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa.

Njia iliyo sahihi ni kununua adapta ya soketi, ambayo upande mmoja huingia kwenye soketi ya gari kama ilivyo na upande wa pili ni nyaya huru zinazoungwa na mkia wa redio mpya. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na redio. Kazi ya kuunga hufanyika mezani, gari likiwa limefungwa, mtu ameketi na ana mwanga wa kutosha. Kila kiungo kichomelewe kwa risasi na kuvikwa mpira unaosinyaa kwa joto, au kibanwe kwa vibano maalumu. Kusokota nyaya na kuzizungushia tepu nyeusi hakufai kwa hali yetu ya hewa, kwa kuwa gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa hupata joto la kulainisha gundi ya tepu hiyo, tepu ikateleza, na waya wa betri ukabaki uchi nyuma ya deshibodi.

Nasisitiza kutokata kwa sababu nyingine pia. Kila mkato hula sentimita chache za waya, na Toyota haikuacha waya mrefu wa ziada nyuma ya redio. Fundi wa kwanza akikata, wa pili akakata tena, wa tatu atakuta vishina ambavyo hata koleo haivishiki, naye atalazimika kufumua deshibodi nzima. Soketi ikiwa nzima, redio ya kiwandani inarudi mahali pake siku yoyote, hata siku unayotaka kuuza gari, kwa hiyo ihifadhi pamoja na skurubu zake.

Juu ya skurubu nina neno. Toyota huishikilia redio kwa vyuma viwili vya pembeni, na vyuma hivyo huhamishiwa kwenye redio mpya. Tumia skurubu fupi zilizokuja na redio. Skurubu ndefu kidogo tu hupita ukuta wa bati, ikagusa bodi iliyo ndani na kupiga shoti, na mwenye redio ataambiwa kuwa ameuziwa mbovu.

Utaratibu wa siku ya kazi hauna makuu: ondoa waya hasi wa betri, vuta fremu ya deshibodi kwa kibanduo cha plastiki badala ya bisibisi ili isikwaruzike, chomoa soketi za swichi ya hazadi na vingine vilivyoshikamana nayo, fungua boliti kwa spana namba 10, kisha itoe redio taratibu. Nyaya zenye mfuko wa njano ni za mifuko ya hewa na haziguswi.

Kuna mambo matatu ambayo mafundi wengi huyaacha njiani, na mteja huyagundua akiwa ameshalipa. La kwanza ni antena. Magari mengi yana kikuza mawimbi kwenye shina la antena au kwenye kioo cha dirisha, nacho hudai umeme kutoka waya wa buluu wa redio mpya. Usipoungwa, redio mpya itashika vituo vibaya kuliko ile ya zamani, na lawama zitaangukia redio. La pili ni kamera ya nyuma. Kamera nyingi za kiwandani za Toyota hupewa volti 6 na redio yenyewe, hazitumii 12, kwa hiyo aliyeziunga kwenye taa ya rivasi moja kwa moja ameziua. Zipo adapta zenye kipunguza volti, au funga kamera mpya ya volti 12. La tatu ni vitufe vya usukani, ambavyo kwenye Toyota hufika kwa nyaya tatu zinazoitwa SW1, SW2 na SWG. Redio mpya ikiwa na nyaya za KEY1 na KEY2 inaweza kufundishwa kila kitufe, na hakuna haja ya kuvipoteza.

Nyongeza moja ambayo kwangu ni ya lazima: waya wa handibreki. Redio huuhitaji ili video isionekane gari likitembea, na desturi iliyoenea ni kuupeleka kwenye ethi ili video icheze wakati wote. Naomba tusifanye hivyo. Uungwe kwenye swichi ya handibreki yenyewe, kwa usalama wa walio ndani ya gari na wa anayevuka barabara.

Kuhusu Android, ushauri wangu ni mfupi. Chini ya RAM ya gigabaiti 2 usinunue, na usiamini toleo la Android linaloonyeshwa kwenye skrini pekee, kwa sababu maandishi hayo hubadilishwa kirahisi; ifungulie ramani na muziki kwa pamoja hapohapo dukani uone kama inakwama. Kama huhitaji ramani kwenye kioo, redio ya kawaida ya chapa inayojulikana, yenye Bluetooth na FM ya 87.5 hadi 108, itakuhudumia miaka mingi bila usumbufu.

Karibuni kwa maswali.

Msafiri wa Voi: Shukrani kwa maelezo, ndugu. Gari langu kila nikiliwasha sauti ya mwanamke hunena Kijapani. Nilidhani ni redio, nikaibadilisha, na sauti bado ipo.

Mwanzisha uzi: Ndugu, hiyo si redio. Ni kifaa cha ETC cha kulipia barabara za Japani, kinachokumbusha kwamba kadi haijawekwa. Ni kisanduku kidogo chenye tundu la kadi, na mara nyingi kipo chini ya deshibodi upande wa dereva, ndani ya droo au nyuma ya kivuli cha jua. Chomoa soketi yake, gari halitadhurika kwa lolote.

Dereva wa Probox: Mkuu, redio niliyofungiwa imeandikwa wati 60 mara nne, lakini nikipandisha sauti hadi robo tatu muziki unapasuka. Ninunue spika kubwa zaidi?

Mwanzisha uzi: Mkuu, kabla ya spika tuangalie maandishi hayo. Redio isiyo na kipandisha volti hutumia umeme wa gari kama ulivyo, na injini ikiwa inanguruma huwa ni takriban volti 14.4. Kwa spika ya omu 4, wati safi ambazo volti hizo zinaweza kutoa hazizidi 26 kwa kila spika, na hiyo ni hesabu ya karatasini; kwa vitendo hupungua zaidi. Wati 60 mara nne ni 240, na fyuzi ya ampea 10 iliyo nyuma ya redio za namna hiyo hupitisha takriban wati 144 tu. Kwa hiyo ukipandisha hadi robo tatu unaidai redio isichokuwa nacho, inakata vilele vya muziki, na mikato hiyo ndiyo unayoisikia. Spika kubwa hazitatibu hilo. Ukitaka sauti ya juu iliyo safi, chukua amplifaya ya pembeni yenye waya wake kutoka betri na fyuzi karibu na betri, na uiwashe kwa waya wa buluu wenye mstari mweupe. Jaribu pia kitu kisicho na gharama: peleka sauti yote kwenye spika moja moja kwa kutumia balansi, kisha uzirudishe pamoja. Besi ikipungua pale spika mbili zinapolia kwa pamoja, moja imeungwa chanya na hasi kinyume.

Mama Wawili: Kaka, Noah yangu ilifungwa redio ya Android. Nikiiegesha siku mbili haiwaki. Fundi anasema betri imezeeka, lakini kabla ya redio haikuwa hivyo.

Mwanzisha uzi: Dada, pole kwa usumbufu. Usinunue betri kabla hujapimiwa. Inawezekana waya wa njano na mwekundu wa redio vyote viliungwa kwenye waya wa betri, hivyo redio haijui kwamba umetoa ufunguo na inaendelea kufanya kazi kioo kikiwa kimezimwa. Ikivuta nusu ampea tu, kwa saa 24 imekula ampea-saa 12, na betri nyingi za magari yetu madogo ya aina ya NS40 zina kama 35 kwa jumla. Betri ya Noah ni kubwa zaidi, lakini nayo haitavumilia siku nyingi. Mwambie fundi apachike mita ya ampea kati ya waya hasi na betri, ufunguo ukiwa umetolewa na milango imefungwa, asubiri dakika kumi na zaidi gari lipumzike, kisha asome. Gari zima likivuta zaidi ya miliampea 50, achomoe soketi ya redio na kusoma tena. Asithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo, ataiunguza. Usomaji ukishuka baada ya kuchomoa redio, waya mwekundu uhamishiwe kwenye waya wa kijivu wa ACC, na betri yako huenda ikawa haina kosa.

Fundi Umeme, Mwanza: Ndugu, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, lakini tuwatendee haki mafundi. Magari mengi tunayoletewa soketi ilishakatwa zamani, na mjini kwetu adapta za baadhi ya modeli hazipatikani. Mteja anasubiri nje. Tufanyeje?

Mwanzisha uzi: Ndugu fundi, hoja yako ni ya haki na nashukuru umeileta. Soketi ikiwa imekatwa, bado inarejesheka. Tafuta soketi yenye mkia wake kwa wauza vifaa vya magari yaliyobomolewa. Ya pini 10 na ya pini 6 za Toyota zilitumika kwenye modeli nyingi kwa miaka mingi, kwa hiyo haihitaji kutoka kwenye gari lilelile. Pima kila kishina kwa mita na ukibandike jina kabla ya kuunga. Spika zitambue kwa betri ndogo ya volti 1.5 inayogusishwa mara moja: koni ikisogea nje, waya uliogusa chanya ndio chanya. Usiunge nyaya zote mahali pamoja, bali kila kiungo kikae sentimita mbili au tatu mbele ya mwenzake, ili mkia usivimbe na kiungo kimoja kikifunguka kisiguse cha jirani. Nyaya hasi za spika usizipeleke kwenye ethi hata kama mteja anaharakisha, kwa sababu redio hizi huendesha pande zote mbili za spika na ethi huunguza kikuza sauti chake. Ukishamaliza, redio mpya ifungwe kwa kupitia soketi hiyo. Kwa modeli zisizo na adapta mjini, agiza kadhaa kwa pamoja kutoka Kariakoo zije na basi, uziweke dukani kabla mteja hajafika.